Mkoromaji Hajisikii

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo cha madereva wa masafa marefu, mjini Morogoro

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, madereva wa mabasi na wa malori, vijana wetu mautingo, na nyinyi kina mama mliokubali kufuatana na waume zenu siku ya Jumamosi ambayo kila mmoja alikuwa na shughuli zake: wakubwa zangu nawaamkia shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Katibu aliponipigia simu kuniomba nizungumzie afya ya dereva, nadhani alitazamia sukari, presha na macho, kwa sababu hayo ndiyo mambo ambayo muuguzi akialikwa huyasema. Nilimwomba ruhusa nizungumzie kukoroma. Alicheka, kama mnavyocheka sasa, na sikumlaumu, kwani mimi mwenyewe nililicheka jambo hili kwa miaka 11 nikiwa nimevaa sare nyeupe na nikijiona najua maradhi.

Mzee wangu yuko hapa, safu ya tatu upande wa dirishani. Yote nitakayoyasema juu yake ameniruhusu niyaseme, isipokuwa moja ambalo tulikubaliana libaki nyumbani. Ameendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa zaidi ya miaka 20, na katika miaka hiyo nyumba yetu ilikuwa na desturi moja: watoto walijua baba yao amerudi safari kabla hawajamwona, kwa kumsikia akiwa chumbani. Alikoroma kama mashine ya kusaga. Sisi tulisema amechoka, amelala fofofo, mwacheni apumzike. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mtu aliyelala fofofo saa tisa nzima aamke na kichwa kinachomgonga, kinywa kikavu, na hamu ya kurudi kulala kabla hajamaliza chai.

Mimi nilifanya kosa kubwa kuliko la kutokuuliza. Nilihamia chumba cha mabinti kwa kisingizio cha joto. Nasema ni kosa kubwa kwa sababu ugonjwa ninaokuja kuuzungumzia una tabia ambayo sijaiona katika maradhi mengine niliyoyahudumia kwa miaka 31, nayo ni kwamba mgonjwa mwenyewe hayupo unapotokea. Mwenye malaria anaijua homa yake, mwenye vidonda vya tumbo anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali panapowaka, lakini mkoromaji hajisikii. Kuna methali ya nyani ambayo sitaimalizia mbele ya wazee, na inamhusu yeye. Shahidi ni yule aliyelala pembeni yake, na mimi shahidi nilikuwa nimejiondoa ukumbini.

Niwaeleze kwanza kinachotokea. Kukoroma ni sauti ya hewa inayopita mahali pembamba. Tunapolala misuli hulegea, na ile inayoliweka koo wazi hulegea pamoja nayo. Kaakaa laini na kilimi hushuka, ulimi hurudi nyuma, hasa kwa aliyelala chali, na hewa inayojipenyeza kwenye upenyo uliobaki huzitikisa nyama hizo laini kama upepo unavyolitikisa turubai la lori lisilofungwa sawasawa. Mtu anaweza kukoroma hivyo maisha yake yote bila kuwa mgonjwa, na ninalisema hili mapema ili asitoke mtu hapa akaenda kumtisha mwenzake bure. Ugonjwa huanza pale upenyo unapoziba kabisa, au karibu kabisa. Kifua na tumbo huendelea kuhangaika, lakini hewa haiingii. Oksijeni katika damu hushuka, presha hupanda, na mwishowe ubongo hushtuka na kumwamsha mtu nusu tu, koo likafunguka kwa mkoromo mkubwa au kwa sauti ya mtu aliyepaliwa, hewa ikaingia, na usingizi ukarudi. Yeye hakumbuki kitu. Baada ya dakika moja au mbili jambo lile lile hurudiwa, na kwa mgonjwa aliyezidiwa linaweza kurudiwa mamia ya mara kabla ya adhana ya alfajiri.

Madaktari huita hali hiyo apnia ya usingizi. Mimi leo nitasema kukatika pumzi usingizini, maana ndivyo inavyosikika. Ili pumzi ihesabiwe kuwa imekatika, kituo hicho lazima kidumu sekunde 10 au zaidi. Kwa hiyo, mama uliyelala pembeni, kelele ndizo zinazokuudhi, lakini unachotakiwa kukisikiliza ni kimya. Mkoromo unaopanda, kisha ukakatika ghafla, kisha kimya, kisha mkwamo na pumzi nzito kama ya mtu aliyezamia na kuibuka: huo ndio ushahidi ambao daktari anauhitaji kutoka kwako.

Si ajabu kwamba wengi wetu hatukufundishwa habari hizi. Ugonjwa wenyewe ulipimwa na kuelezwa vizuri mwaka 1965 tu, na watafiti wa Ufaransa na wa Ujerumani waliofanya kazi kila kundi kivyake. Mimi chuoni sikuusikia. Huku kwetu ulikuwa na maelezo yake tangu zamani. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwenyeji wa Pangani, na siku moja alipomsikia mwanawe akikwama usiku alisema mara moja kwamba anakabwa na jinamizi. Mwanawe akaandikiwa kombe, akalinywa. Sikuja hapa kuyadharau ya wazee, kwa sababu bibi yule alifanya kitu ambacho mimi muuguzi sikukifanya: alisikia, akakubali kwamba mtoto wake anakabwa, akatafuta msaada. Ila tutofautishe. Mtu wa jinamizi huamka macho, anaona chumba, anajua yuko wapi, lakini mwili umekataa kusogea na kifua anakiona kizito. Asubuhi atakusimulia kila kitu. Aliyekatika pumzi hana cha kusimulia.

Sasa nije kwenye kutafuta kipimo, maana hapo ndipo tulipopoteza miaka.

Presha ya mzee wangu iligunduliwa akiwa na miaka 42. Akapewa kidonge kimoja, baada ya muda viwili, baada ya muda vitatu, na presha haikushuka ilivyotakiwa. Kila tulipokwenda kliniki tuliulizwa kama anameza dawa, kama anakula chumvi, kama anakunywa pombe. Alikuwa pia anaamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo, akapimwa sukari, akapimwa tezi dume, na vyote vikawa vizuri. Hospitali hizo sitazitaja, kwa kuwa na mimi nilikuwa mmoja wa watu wa kazi hiyo na sikuuliza swali lililohitajika. Liliulizwa na daktari kijana wa kliniki ya moyo, msichana ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yangu. Alitazama orodha ya vidonge, akamtazama mzee shingoni, kisha akanigeukia mimi badala yake: “Mama, baba analalaje?”

Nilijibu kwamba analala vizuri sana. Nikasikia ninavyosema, nikanyamaza.

Usiku ule nilirudi chumbani kwetu na saa ya ukutani niliyoitoa sebuleni. Nilikaa kitini, taa ya barazani ikinimulikia, nikahesabu. Kimya cha kwanza kilidumu sekunde 19. Kilichofuata 26. Saa nane na robo usiku nilihesabu kimya cha sekunde 34 na tumbo lake likipanda na kushuka bila hewa kupita, na nikiri mbele yenu kwamba mimi niliyewafumba macho wagonjwa wengi wodini niliinuka kwenye kile kiti nikitetemeka. Binti yangu alinionyesha namna ya kurekodi kwa simu, na usiku uliofuata tulirekodi dakika 20, picha na sauti. Rekodi ile ilifanya kazi ambayo maelezo yangu yote yasingeifanya, kwa mzee mwenyewe kwanza, ambaye mpaka siku ile alikuwa akisema namsingizia.

Kwa hiyo mkienda hospitali, nendeni wawili. Dereva anayekaa wiki mbili barabarani, shahidi wake ni utingo anayelala naye kwenye kabini ya lori. Basi mwulize utingo, na utingo usiogope kusema. Mnaweza kuanzia kwa daktari wa masikio, pua na koo, au wa kifua, au wa moyo, au hata daktari wa kawaida wa hospitali ya wilaya, ili mradi mseme kwa maneno yaliyonyooka kwamba pumzi inakatika usingizini. Ukisema “nakoroma” utaambiwa upunguze uzito na utarudishwa nyumbani. Huenda ushauri ni wa kweli, lakini hujapimwa.

Daktari atauliza maswali, na mengine yameandikwa tayari. Kuna maswali manane yaliyotungwa mwaka 1991 na daktari wa Australia, Murray Johns, ya kupima mtu anavyosinzia mchana: akisoma, akitazama televisheni, akikaa kimya mahali pa watu, akiwa abiria garini kwa saa moja, akijilaza mchana, akizungumza na mtu, akikaa baada ya chakula cha mchana bila pombe, na la mwisho linawahusu nyinyi hasa, akiwa ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye foleni. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 24, na anayezidi 10 ana usingizi usio wa kawaida. Mzee wangu alijipa alama 4. Nilichukua karatasi nyingine nikamjazia mimi, nikapata 15. Daktari akacheka akasema ataiamini karatasi ya mama.

Maswali mengine manane yalitolewa Toronto, Kanada, mwaka 2008, na kundi la Frances Chung, ambaye ni daktari wa nusukaputi, kwa sababu wagonjwa hawa huweza kupata matatizo ya kupumua wanapolazwa kwa dawa wakati wa upasuaji. Je, unakoroma kwa nguvu? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna mtu amewahi kukuona ukikatika pumzi? Una presha? Uzito wako kwa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha kimo chako kwa mita unazidi 35? Una zaidi ya miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ndiyo tatu au nne ni hatari ya kati, tano na kuendelea ni hatari kubwa. Mnaona wenyewe kwamba dereva mwenye miaka 52, mnene wa shingo, mwenye presha na anayekoroma, ameshafika tano kabla hajaulizwa kama anachoka. Na ukiwa utafanyiwa upasuaji wa aina yoyote, hata wa ngiri, mwambie daktari wa nusukaputi habari hii kabla hajakulaza.

Maswali hayo huchuja tu, hayatoi hukumu. Baada yake daktari atakuangalia puani na kooni, ataangalia taya, atapima presha, huenda ataagiza damu kuona kama tezi ya shingo inafanya kazi vizuri, kisha ndipo huja kipimo chenyewe, ambacho ni lazima kifanyike ukiwa umelala. Kipo cha hospitali, ambapo mgonjwa hulala maabara usiku mmoja akiwa amebandikwa nyaya kichwani za kusoma mawimbi ya ubongo, nyingine karibu na macho na kidevuni, mrija mdogo puani wa kupima hewa, mikanda miwili kifuani na tumboni, waya wa moyo, na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Na kipo cha nyumbani, chenye vitu vichache zaidi: mrija wa puani, mikanda na kifaa cha kidoleni, ambacho mgonjwa huonyeshwa kukivaa, hulala nacho kitandani kwake, na hukirudisha asubuhi.

Ile mikanda ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Hewa ikikatika puani huku kifua na tumbo vinahangaika, koo ndilo limeziba. Hewa ikikatika na mikanda nayo ikatulia, basi ubongo haukutoa amri ya kupumua, na hilo ni tatizo la aina nyingine, linaloweza kuonekana kwa mwenye moyo uliochoka au anayetumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, na matibabu yake ni mengine. Ndiyo sababu simkubalii mtu anayeniambia kwamba saa yake ya mkononi imemtosha. Saa inaweza kukupa fununu, na fununu si haba, lakini haiwezi kukaa mahali pa kipimo.

Niseme pia juu ya kifaa cha kidoleni, kwa kuwa wengi mlikinunua wakati wa Korona na mnacho majumbani. Kinasoma oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kilivyoshindwa kwa wagonjwa weupe. Kilikuwa kinasema damu ina oksijeni ya kutosha wakati haina. Sisi wa rangi hii tukiona namba nzuri kidoleni tusijidanganye kwamba usiku umepita salama. Na kina mama mkienda kupimwa, ondoeni rangi ya kucha, na piko nalo lisiwe kwenye kidole kitakachovaa kifaa.

Matokeo huja kwa namba moja ambayo mnapaswa kuielewa, maana ni hesabu ya kawaida kama ya mafuta. Huchukuliwa idadi ya mara zote ambazo pumzi ilikatika au ilipungua sana, ikagawanywa kwa saa. Chini ya 5 kwa saa ni hali ya kawaida. 5 hadi 15 ni ugonjwa mwepesi. 15 hadi 30 ni wa kati. Kuanzia 30 ni mkali. Mzee wangu alihesabiwa mara 252 katika saa 6. Gawanyeni wenyewe: 42 kwa saa. Ila kuna jambo katika kipimo cha nyumbani: mara nyingi hakijui kama umelala au uko macho, kwa hiyo hugawanya kwa saa zote ulizokivaa. Ukikesha saa mbili ukitazama dari kwa sababu ya mikanda, namba yako itashuka na utaonekana mzima kuliko ulivyo. Hivyo kipimo cha nyumbani kikirudi safi na mama bado anahesabu vimya, msikubali kufunga jalada. Ombeni kirudiwe, au mpewe rufaa ya kulala maabara. Na ombeni karatasi ya matokeo mkae nayo.

Vipimo hivi havipo kila hospitali. Hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za miji mikubwa. Kwa hiyo pigeni simu kabla ya kusafiri, ulizeni kama kifaa kipo na kinafanya kazi, na ulizeni bima yenu kwa maandishi kama italipa. Sisi tulisafiri mara moja bure kwa kutouliza.

Ni wangapi wenye hali hii? Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya Wisconsin, Marekani, ambako wafanyakazi 602 wa serikali ya jimbo wenye miaka 30 hadi 60 walilazwa na kupimwa. Asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walikatika pumzi mara 5 au zaidi kwa saa, ingawa waliokuwa na tatizo hilo pamoja na kusinzia mchana walikuwa asilimia 4 na 2. Sisemi hesabu ya Wisconsin ni hesabu ya Morogoro. Nasema wale walikuwa watu waliokwenda kazini kila asubuhi kama nyinyi.

Na sasa barabara. Tarehe 1 Desemba 2013, siku ya Jumapili alfajiri, treni ya abiria iliyokuwa ikiingia New York ilifika kwenye kona ya Spuyten Duyvil, ambayo mwendo wake ni kilomita 48 kwa saa, ikiwa inakwenda kilomita 132. Iliacha reli. Watu wanne walikufa na zaidi ya 60 waliumia. Wachunguzi walibaini kwamba dereva alikuwa amesinzia, na alipopimwa usingizi baada ya ajali akakutwa na ugonjwa huu katika kiwango kikali bila yeye kujua. Tena muda mfupi kabla alikuwa amehamishwa kutoka zamu ya mchana kwenda ya alfajiri. Hakuwa amelewa na hakuwa mzembe. Mwajiri wake hakuwa na utaratibu wa kuwapima madereva matatizo ya usingizi, na wachunguzi walilitaja hilo kuwa sehemu ya sababu. Tarehe 29 Septemba 2016 treni nyingine iligonga mwisho wa reli ndani ya stesheni ya Hoboken, akafa mtu mmoja na zaidi ya 100 wakaumia, na dereva wake naye alikutwa na ugonjwa huo huo ambao haukuwa umegunduliwa.

Huku kwetu ajali ikitokea tunasema mwendokasi, tunasema breki, tunasema shetani wa pale mahali. Kona za Kitonga mnazijua kuliko mimi, na ile nyoofu ya Mikumi ambayo mzee wangu anaiogopa kuliko Kitonga, kwa sababu kwenye kona mtu huwa macho. Tangu mwaka 2023 mabasi yamerudi kusafiri usiku, na saa nane hadi saa kumi za usiku mwili wa kila binadamu unadai kulala, sembuse wa mtu ambaye hata alipolala mchana hakulala. Dereva wa namna hiyo hujitibu mwenyewe kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na majani mengine sitayataja, nyote mnayajua. Hivyo vyote humfumbua macho kwa muda, wala havimrudishii usingizi alioukosa.

Najua kinachowazuia. Mnaogopa kwamba mkipimwa na kukutwa, tajiri atawaondoa kwenye gari. Hofu hiyo ina msingi, na siwezi kuwaahidi juu ya matajiri wa watu. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yenu hamfi peke yenu. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyepimwa na anayetibiwa vizuri huendelea na kazi, wangu anaendelea. Kabla ya matibabu kukaa sawa alipumzika safari za usiku, na nyumbani tulibana matumizi.

Matibabu nitayapita haraka, kwa kuwa kila mtu atapangiwa ya kwake. Mwenye ugonjwa mwepesi huweza kusaidiwa na kupunguza uzito, kulala ubavu, kuacha pombe usiku na dawa za usingizi, au kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya mbele. Mwenye ugonjwa mkali hupewa mashine inayosukuma hewa kwa barakoa ili koo lisijifunge. Wahudumu huiita sipapu. Kabla Colin Sullivan wa Sydney hajaieleza mwaka 1981, kwa wagonjwa watano, aliyezidiwa hakuwa na njia nyingine ya uhakika ila kutobolewa tundu shingoni. Wiki mbili za kwanza mzee wangu aliitupa barakoa sakafuni kila usiku. Wiki ya tatu aliamka saa kumi na mbili asubuhi akaniuliza mbona nyumba imetulia hivi. Safarini huiunganisha na betri ya lori kwa inveta. Vidonge vya presha hakuviacha, ila vitatu vimekuwa viwili, na hilo aliamua daktari.

Kwa kina mama: msidhani hili ni la wanaume tu. Baada ya kukoma hedhi hatari yetu hupanda, na wengi wetu hatusemi tunakoroma kwa sababu ya haya. Tunasema uchovu, tunasema kichwa, tunasema usingizi haunijii. Mjamzito aliyeanza kukoroma na presha yake inapanda aseme kliniki bila kuchelewa. Na mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi na anatokwa jasho shingoni, aangaliwe mafindofindo na nyama za pua, kabla mwalimu hajaanza kumchapa kwa kutotulia darasani.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa mkutano huu, nalo limo katika ajenda namba 7 itakayojadiliwa mchana: kwamba gharama za kipimo cha usingizi ziingizwe katika mkopo wa dharura, kama inavyokopwa ada ya shule na msiba. Wajumbe mtaamua.

Futikamba ninalo mkobani, lile la fundi cherehani, na mashine ya presha iko kwenye meza karibu na mlango. Nitakaa hapo mpaka chakula kiishe. Kina mama waje kwanza, bila waume zao, waniambie wanachokisikia usiku, nami nitaandika. Wanaume watafuata kupimwa shingo. Na mautingo msiende mbali, nanyi nitawaita mmoja mmoja.